Jiwe Lililosemekana Kupasuka

Kama unasoma haya ukiwa na kidonda kisichotaka kufunga, na nyumbani kwenu mmekubaliana kutosema kilichokichimba, nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Nilisomea historia na Kifaransa, na kidonda changu hakikujali hata kimoja kati ya hivyo. Lakini nilikaa na mguu unaooza tangu mwanzo wa kiangazi hadi mvua zilipokolea, kwa sababu ya uongo mmoja mfupi, na leo ninatembea. Mguu wa kushoto umepungua kwa upana wa vidole viwili, na fundi viatu huniongezea soli. Anasema mimi ndiye mteja wake pekee anayelipia kiatu kimoja.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Wazee wa mtaa wetu wa Kamenge bado walikuwa wakisema Usumbura, jina la mji la enzi za wakoloni, kisha wanajisahihisha. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo wetu, na barua ya kazi ya ualimu ilikuwa ndani ya kamusi yangu. Niliifungua kila asubuhi kuhakikisha kwamba jina lililoandikwa ni langu. Ndivyo nilivyo. Nikipewa kitu kizuri, ninaanza kutafuta ni nani atakayekuja kukidai.

Mama aliamua kunifanyia sherehe. Aliuza kuku wawili, akanunua mikungu ya ndizi, akasema pombe ya kumpongeza mwanawe haitanunuliwa kwa jirani. Nyuma ya nyumba tulikuwa na rwina, lile shimo la kuivishia ndizi, alilolichimba bibi alipokuwa hai na ambalo halikuguswa tangu azikwe. Kazi yake ni rahisi: unawasha moto ndani hadi udongo ushike joto, unatoa makaa, unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi na kuzifunika. Baada ya siku chache zimeiva zote pamoja.

Mama aliwasha. Mimi nilichuchumaa ukingoni na kijiti mkononi, nikiwaza hotuba nitakayotoa. Nilikuwa nimefika kwenye sentensi ya kumshukuru baba ndipo shimo lilipopiga mshindo. Nilidhani jiwe limepasuka motoni, kama mawe yanavyofanya. Nikataka kusimama nimwambie mama asiogope, mguu ukakataa. Damu ilikuwa imejaa kiatu.

Majirani walikuja mbio. "Ni jiwe," nikawaambia, na nilikuwa mkweli. Walinibeba kwenye mlango walioung'oa kwenye banda la mbuzi hadi zahanati, nikamwambia muuguzi vilevile. Muuguzi huyo, Zakaria, alikuwa mtu wa mikono mikubwa na sauti ndogo. Alitazama tundu lililokuwa chini ya goti.

"Jiwe lilitoka motoni?"

"Motoni."

"Basi halina uchafu. Moto unaua kila kitu." Akasafisha, akashona, akanidunga penisilini.

Baba alirudi jioni kutoka kazini kwenye kiwanda cha pamba. Aliniangalia, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Tulimsikia akichimba. Aliporudi alikuwa na udongo hadi kwenye viwiko, akafunga mlango, akakaa chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yetu.

Kisha akatueleza kilichokuwa shimoni. Mzungu mmoja mwenye shamba bondeni, karibu na mto Rusizi, ndiye aliyemwajiri baba enzi zile kulinda mazao dhidi ya viboko. Alipoondoka alimwachia bunduki yake ya kuwindia, ila karatasi ilibaki na jina la Mzungu. Sasa komini, ofisi ya serikali ya eneo letu, ilikuwa imetangaza kwamba kila mwenye bunduki aipeleke iandikwe, na asiyeipeleka atafungwa. Baba aliogopa kuulizwa ameipata wapi. Aliogopa pia kubaki bila kitu katika siku zile, maana habari za vita za Kongo, ng'ambo ya ziwa, zilitufikia kila wiki na wakimbizi wake. Akachagua njia ya tatu. Aliifunga kwa maganda ya mgomba, akachimba ubavuni mwa shimo ambalo hakuna aliyelitumia, akaifukia. Hakumwambia mtu. Na hakuitoa risasi, kwa sababu miaka yote ya bondeni alifundishwa kwamba mtu anayeanza kutafuta risasi wakati kiboko yuko mbele yake hamalizi kuitafuta.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. "Mimi ndiye niliyewasha," alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa baba kwa muda wa miezi mitano.

Hatukupiga kura. Hakuna aliyesema "tufiche". Siku mbili baadaye Zakaria aliniuliza tena lile jiwe lilikuwa kubwa kiasi gani, nikamwonyesha kwa vidole, na baba aliyekuwa amesimama mlangoni akatazama nje. Kwa njia hiyo uongo ukawa wa familia nzima.

Nataka nikwambie jinsi mwili unavyobadilika, kwa sababu hakuna aliyeniambia, na kila badiliko nilidhani ni langu peke yangu. Kwanza ni joto la jioni, ambalo unalilaumu jua. Kisha nyuzi zinaachia na maji yanatoka, halafu si maji tena. Paja linapungua hadi suruali inazunguka. Nywele zinabaki kwenye mto. Harufu inakuja, tamu, kama ndizi zilizopita kiasi, na unaanza kuwapima watu kwa umbali wanaokaa. Kuna siku kipande cheupe chenye ncha kilitoka kidondani kama jino la mtoto. Zakaria alikishika kwa koleo akakitazama muda mrefu. Ulikuwa mfupa wangu.

Mama hakupika tena pombe. Chungu cha kupikia ndicho kilichochemsha bendeji zangu, naye alizianika ndani ya nyumba, si uani, ili zisihesabiwe na macho ya watu. Siku ya kuripoti kazini ilifika na kupita. Niliandika barua ya kuomba radhi mara tisa. Katika ile ya tisa niliandika "jiwe" kwa mwandiko mzuri sana.

Hata hivyo, ukiniuliza leo ninakumbuka nini zaidi, nitakwambia ni baiskeli. Kila baada ya siku moja baba aliomba ruhusa kiwandani, akaweka gunia lililokunjwa kwenye kerea, akanikalisha, akaisukuma kwa mkono hadi zahanati. Hakupanda. Asubuhi za impeshi, kiangazi chetu, zilikuwa na vumbi jekundu na ukungu mkavu, hata milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa ilikuwa imefutika kabisa. Redio za madirisha zilipiga rumba, moja ikishika pale nyingine ilipoachia, kwa hiyo tuliweza kusafiri na wimbo mmoja kutoka nyumbani hadi barabara kubwa. Wanawake walimsalimia: "Baba Severini, mwaramutse! Bado ile jiwe?" Naye akajibu, "Bado." Sikuwahi kuwa karibu na baba yangu namna ile. Niliona kisogo chake kwa miezi minne, na mvi zilizokuwa zikiongezeka humo, na hatukuzungumza chochote cha maana.

Zahanati ilikuwa na baraza yenye mabenchi mawili. Waliokuwa na zamu siku moja na sisi walifahamiana kama watu wa kanisa moja. Mama Furaha, mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani, aliyekimbia kutoka upande wa Uvira, Kongo, alikuwa ameungua mkono kwa mafuta. Raphaeli, mlinzi wa ghala, alikuwa na kidonda cha mguu chenye umri mkubwa kuliko ndoa yake. Mimi waliniita Musiye, yaani bwana kwa Kifaransa, kwa sababu ya diploma. Na kwa kuwa komini iliongeza muda wa kuandikisha bunduki mara mbili, hawakuwa na mazungumzo mengine.

"Mi ninasema ukweli," Raphaeli alianza kila mara, "mwizi hatapeleka ya kwake ku komini. Atapeleka mujinga. Halafu mwizi atakuja kwa mujinga."

"Na we mulinzi, uko na nini ku ghala?" Mama Furaha alimuuliza.

"Mi niko na fimbo."

"Na wezi walishakuua mara ngapi?"

Benchi zima lilicheka. Raphaeli hakukasirika. "Mama Furaha, siku moja batakuja na bunduki, utaona fimbo yangu itasema nini."

"Itasema kimbia! Na ni vizuri." Kisha aliacha kucheka. "Sikiliza. Kule kwetu kila mutu alitafuta ya kwake ya kujilinda. Jirani akanunua, bwana yangu akanunua juu jirani alinunua. Mwenye hakukuwa nayo aliogopa mwenye iko nayo, na mwenye iko nayo aliogopa zaidi, maana alijua ya mwenzake iko wapi. Sasa mi niko hapa nauza ndagala. Bwana yangu sijui iko wapi. Ile bunduki ilimulinda na nini?"

"Lakini kama serikali peke yake ndiyo iko nazo..." Raphaeli alisema, halafu akatazama barabarani. Watu wazima walijua sentensi ile inapaswa kuishia wapi.

Walinigeukia mimi. "Musiye, we umesoma. Sheria ni nzuri ao ni mbaya?"

Nilikuwa na majibu yote mawili, kila moja likiwa na hoja zake tatu. Nilianza kusema kwamba inategemea. Mama Furaha akapiga makofi kwa mkono wake mzima: "Inategemea! Miaka yote ya shule!" Wakacheka, nami nikacheka, na baba yangu, aliyekuwa amesimama akishika baiskeli, alisugua usukani kwa kitambaa. Hakuwahi kusema neno katika mjadala ule. Mama Furaha alikuwa akimletea ndagala zilizofungwa kwenye jani, akizipitisha kwangu: "Mupe Papa Severini. Mutu wa kunyamaza naye anakulaka."

Mvua za kwanza zilipokuja milima ya Kongo ilirudi ghafla, karibu hivi kwamba uliona mistari ya mashamba juu yake. Wote tulifurahi, kana kwamba tulikuwa tumeambiwa imeuzwa. Wiki hiyohiyo harufu ya mguu wangu ilibadilika. Haikuwa tamu tena.

Zakaria alifungua bendeji, akaifunga haraka, akatoka nami barazani akinishika kwapa. Nadhani alitaka baba asikie.

"Ijumaa daktari wa hospitali kubwa anapita hapa," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Nitamwonyesha. Mimi nilitibu jiwe. Kidonda cha jiwe kingekuwa kimekwisha kupona. Kama ni mfupa tu umeoza, atakata hapa." Akagusa juu ya goti. "Kama kuna kitu kingine ndani, na anajua ni kitu gani, anaweza kufungua akakitoa. Basi niambie tena, Severini. Ni nini kiliingia?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu mwezi wa saba. Nilikuwa na sentensi tatu. Ya kwanza ilisema ukweli wote, ya pili ilisema ukweli bila kumtaja mtu, ya tatu niliitunga kwa Kifaransa. Nilitazama mikono ya baba juu ya usukani. Niliwaza gereza, kisha niliwaza mguu, nikafanya hesabu niliyoiona ya haki kabisa: yeye ni mzee na gereza litammaliza, mimi ni kijana na naweza kufundisha nikiwa nimekaa. Mtu mwenye wasiwasi ana kasoro hii, kwamba akichoka kuwaza huchukua jibu baya kwa furaha, ili tu awe amemaliza.

"Ni jiwe," nilisema. "Kama ni kukata, akate."

Baiskeli ilianguka. Baba hakuiinua. Alivua kofia.

"Haikuwa jiwe," alisema.

Zakaria hakumtazama. Alinishika tu kwa nguvu zaidi.

"Ni bunduki. Ya kwangu mimi. Niliifukia ndani ya rwina, na risasi yake. Mama yake hakujua, akawasha moto. Huyu hakujua. Mimi nimejua siku zote." Alimgeukia Raphaeli kama mtu anayejibu hoja, akiwa amechelewa miezi minne. "Unasema ni ya kumulinda mutu. Mi niliweka ya kulinda huyu. Hakuna mwizi alikuja. Imepiga yeye."

Kwa kuwa alikuwa mtu mwema asiyejua la kufanya, Raphaeli akaenda kuinua baiskeli yetu na kupangusa gunia.

"Papa Severini," Mama Furaha alisema taratibu, "mi nilijua. Mutu mwenye hana bunduki hawezi kunyamaza siku yote hivyo."

Hatukungoja Ijumaa. Zakaria alisimamisha lori la mchanga, akaandika karatasi yenye neno "risasi" lililopigiwa mistari miwili, nikapelekwa hospitali kubwa. Baba hakupanda. Alisema ana safari nyingine. Baadaye nilisimuliwa kwamba alifika komini saa tisa alasiri na bunduki imefungwa kwenye baiskeli kwa kamba ya katani, mdomo ukielekea chini, risasi zilizobaki ndani ya kofia. Walimwandika, wakachukua bunduki, wakamfungia ndani.

Kupigwa picha ya mionzi, ambayo sisi tuliiita radio, hakuumi. Nililiogopa sana jambo lile na lilichukua muda wa kukohoa. Daktari aliinua ile picha dirishani, akaniita nione. Kando ya mfupa wangu kulikuwa na chembe tatu za risasi, duara kamili, nyeupe kuliko mfupa. Nilizitazama kwa mshangao, jinsi zilivyokaa kwa amani. Kulikuwa pia na kipande cha karatasi ngumu ya ganda la ile risasi, alisema, ambacho picha haionyeshi lakini alijua atakikuta, kwa kuwa sasa alijua anatafuta nini. Zingatia hapo, wewe unayesoma. Kilichoozesha mguu wangu hakikuonekana hata kwenye mionzi. Kilionekana kwa sababu baba alisema.

Walifungua mara tatu. Hesabu yangu ya wakati ule ni hiyo: kabla ya ya kwanza, kati ya ya kwanza na ya pili, na ile wiki ndefu kabla ya ya tatu ambapo bado neno "kukata" lilitamkwa mlangoni. Sindano ya asubuhi, sindano ya jioni, hadi nikawa sijui nilalie upande gani. Plasta ilinuka, nikaikwangua kwa rula. Mtawa mmoja aliyeosha wodi aligundua kwamba ninasoma, akawa ananiletea magazeti yaliyofungiwa samaki, nami nikasoma habari za mwezi uliopita kwa furaha kubwa, maana mambo yote yaliyotisha humo yalikuwa yamekwisha tokea na sisi bado tupo.

Mama alikuja kila mchana na vyombo viwili. Kimoja changu. Kingine alikipeleka komini. Siku moja alikaa kando ya kitanda akafunga na kufungua fundo la kanga.

"Leo nimemwambia," alisema.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ale. Alikuwa anakirudisha kimejaa." Alifikiri. "Nikamwambia pia kwamba mimi ndiye niliyewasha, na sijafungwa."

Watu huniuliza mpaka leo kama ile amri ilikuwa nzuri, kwa kuwa wanadhani mtu aliyepigwa ana jibu. Ninakumbuka sentensi ya Raphaeli aliyoiacha katikati, na siwezi kusema ilikuwa ya kijinga. Lakini ningetaka kila anayebishana alale wodi ile wiki moja. Upande wangu tulikuwa watatu wa risasi. Mmoja alipigwa na kaka yake walipokuwa wakisafisha bunduki, mmoja na shemeji aliyetaka kuionyesha, na mimi na shimo la ndizi. Hatukuwa na adui hata mmoja sisi watatu. Hilo si jibu, ninajua. Ni mahali ninapoanzia ninapofikiri.

Siku nne baada ya upasuaji wa tatu, daktari alikuwa amesema mguu unabaki. Nilikuwa nimelala nikirudia neno hilo, "unabaki", nikitafuta kasoro yake, niliposikia sauti ya baba kwenye korido. Walikuwa wamempa ruhusa ya saa moja kuja kuniona, na askari kijana wa kumsindikiza, bunduki begani.

"Afande," baba alisema, "mi naomba. Hiyo kitu ibaki inje."

"Muzee, we ni mufungwa. Hii inakwenda kwenye unakwenda."

"Humu kuna wagonjwa ya hiyo kitu. Watatu."

"Na ukitoroka?"

"Nitorokee wapi? Mutoto yangu iko ndani."

Askari alichungulia. Alituona sisi watatu kwenye vitanda vyetu, miguu na mkono vikiwa vimening'inizwa kwa kamba, tukimtazama. Alikuwa na umri kama wangu. Alisita, halafu akarudi nyuma hatua moja, akaegemea ukuta wa korido, akaigeuza bunduki mdomo ukaelekea bustanini.

"Saa moja, muzee. Mi niko hapa."

Baba aliingia mikono mitupu. Alikuwa amekonda, na kisogo nilichokijua sana sasa kilikuwa uso. Alisimama mwisho wa kitanda, mahali vidole vyangu vilipotokeza kwenye plasta. Tangu mwezi wa sita alikuwa amenibeba, amenisukuma, amenikalisha na kunishusha, na hakuwahi hata siku moja kuugusa mguu ule.

"Unasikia?" aliuliza, akishika kidole gumba.

"Ninasikia, baba."

Akashika kinachofuata.